Vibuyu Vilivyoshonwa vya Ishiara

Harufu ya mavi ya popo ndiyo inayonijia kwanza. Kabla sijakumbuka vibuyu, kabla sijakumbuka sura ya Mwalimu Nyaga na fimbo yake ya mpera, pua yangu hurudi katika lile ghala la zamani la pamba nje kidogo ya soko la Ishiara. Pamba ilikwisha kabla sijazaliwa, popo wakarithi dari. Chini ya harufu yao kulikuwa na ya mafuta ya taa, ambayo Mwalimu alizipaka rafu zake ili mchwa wasizile, na joto la mabati lilizichemsha harufu hizo mbili pamoja hadi mtu akiingia macho yanamchuruzika. Wageni wanaokuja siku hizi na kamera zao huniambia kwamba mahali hapa pana utulivu. Mimi huwaangalia tu. Nilipachukia siku ya kwanza nilipokanyaga sakafu yake, nikiwa darasa la nne, na nilikuwa na sababu.

Naitwa Marigu, jina la mama mzazi wa baba yangu, kwa kuwa kwetu Mbeere binti wa kwanza hupewa jina la nyanya huyo. Cucu, ndivyo tunavyomwita nyanya, hakuwahi kuniita Marigu. Aliniita "jina langu". "Jina langu, niletee maji." "Jina langu, umekula?" Aliishi nyuma ya nyumba yetu katika chumba chake cha udongo, na kazi iliyomjulisha kote upande ule ilikuwa kushona vibuyu vilivyopasuka. Mtu asiyeijua kazi hiyo hudhani kibuyu kikipasuka kimekwisha. Cucu alitoboa matundu madogo pande mbili za ufa kwa waya wa mwavuli alioupasha moto, akapitisha uzi wa katani uliolainishwa kwa mafuta ya mbarika, akavuta na kukaza mpaka ufa ukafumba. Akimaliza, uji haukuvuja. Ule mshono ulipita tumboni mwa kibuyu kama njia ya siafu, na wanawake walikuja kutoka mbali wakiwa wamebeba vipande kwenye kanga. Wengine walisema kibuyu kilichopita mikononi mwake kilipendeza kuliko kilivyokuwa kizima.

Yeye mwenyewe alikuwa na kimoja tu ambacho hakumpa mtu. Kilikuwa kikubwa, chekundu kama udongo wa chungu, kimeng'aa kwa kushikwashikwa, na mshono wake ulizunguka kutoka shingoni hadi karibu na kitako. Kilining'inia ukutani juu ya kitanda chake.

Mwaka ule, wakati wa kuvuna ndengu, Cucu alikwenda Kianjai kumtazama shangazi yangu aliyeolewa huko Tigania na ambaye alikuwa amejifungua. Alikaa wiki tatu. Siku aliyorudi nilikuwa uani nikipepeta ndengu, vumbi limenijaa masikioni. Alinisalimia akicheka, akaingia chumbani kwake. Alipotoka hakuwa akicheka tena.

"Kibuyu changu kiko wapi?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni akivua viatu. Baba yangu, Ireri, alikuwa seremala sokoni na mzee wa kanisa, mtu aliyeheshimiwa, asiyekunywa wala kutukana. Hakusita hata kidogo. Alininyooshea kidole.

"Muulize huyo. Alikuwa anakichezea kikamponyoka."

Sikuwa nimekigusa. Sikuwa nimeingia chumba kile tangu Cucu aondoke.

"Vipande viko wapi?" Cucu akauliza.

"Alivitupa chooni. Alikuwa anaogopa."

Hapo ndipo uso wa Cucu ulipobadilika. Nadhani angenisamehe kuvunja. Kuvunja kulikuwa jambo la kila siku kwake, ndiyo kazi iliyomweka mjini. Lakini kutupa vipande, mimi mjukuu wake niliyekaa miguuni pake nikimshikia uzi, mimi niliyejua kwamba hakuna kipande asichoweza kukirudisha mahali pake! "Hata vipande?" alisema polepole. "Hata vipande ukaninyima?" Nikapiga kelele kwamba si mimi, kwamba Baba anasema uongo. Baba alisimama akachukua fimbo, akanichapa mbele ya Cucu kwa kumwita mzazi mwongo. Mama alikuwa jikoni. Nilimwona kupitia mlango ulio wazi, mwiko mkononi, akitazama sufuria. Alijua. Nilikuja kujua baadaye kwamba alijua kila kitu, na sufuria ile ndiyo aliyoichagua.

Kuanzia siku hiyo Cucu hakuniita tena jina lake. Aliniita "mtoto wa Ireri", na aliniita pale tu ilipobidi. Nikimpelekea chakula alikipokea bila kunitazama. Nikikaa karibu na mlango wake anaposhona, anageuza kigoda na kunipa mgongo. Watu wazima hawajui jinsi mtoto anavyoweza kuchukia. Nilimchukia Baba wakati wa sala, alipofumba macho na kushukuru kwa sauti nzuri. Nilimchukia Mama kwa upole wake. Hata Cucu nilimchukia, kwa kuamini upesi hivyo. Jua la msimu ule lilikuwa kali, mto ulibaki vidimbwi, mbuzi walikula hata maboksi sokoni, na nyumbani kwetu hakuna aliyesema na mwenzake zaidi ya maneno matatu.

Karibu mwezi mzima baadaye shule ikatupeleka kwa Mwalimu Nyaga. Hatukutaka kwenda. Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu akalikodi ghala la pamba na kuliita makumbusho, na mji mzima ulimcheka, isipokuwa wale waliomwogopa. Kanisani kwetu ilisemwa kwenye kipaza sauti kwamba anafuga mizimu ya watu waliokufa. Watoto walitupa mawe juu ya mabati yake, wakakimbia. Yeye naye hakuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukemea hata anapokusalimu, na alitupanga mistari miwili kana kwamba bado yuko kazini.

"Nilianza na kila kitu," alitueleza, akipiga fimbo kwenye kiganja. "Mikuki, vyungu, mawe ya kusagia, redio ya babu yangu. Wakaja wageni kutoka Embu mjini. Wakaniambia, hivi vyote tumeviona kwingine, tena vizuri kuliko hivi. Nikawafukuza. Halafu nikafikiri, wakaniuma zaidi kwa sababu walisema kweli. Sasa nataka kitu kimoja tu ambacho wale wenye makumbusho makubwa hawakitaki. Kibuyu kizima wanacho. Mimi nataka kilichopasuka kikashonwa." Akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi mnaona takataka. Mimi naona mtu aliyekataa kutupa. Msiguse."

Vilikuwa vimepangwa kwenye rafu mbili, labda vibuyu kumi na vitano, kila kimoja na karatasi yake mbele. Nilipita taratibu nikisoma, kwa kuwa nilipenda kujionyesha kwamba najua kusoma. Kwenye rafu ya pili, katikati, kilikuwepo. Chekundu. Mshono kutoka shingoni hadi kitakoni. Hakikuwa na ufa mpya hata wa unywele.

"Ni cha Cucu," nikasema.

Mwalimu aligeuka. "Nani anaongea?"

"Hiki ni cha Cucu wangu. Hakikuvunjika!" Mkono wangu ulikuwa tayari umekishika. Fimbo ilitua juu ya vidole vyangu kabla sijamaliza kusema. Alinivuta sikio hadi nje, akanisimamisha juani mpaka wenzangu walipomaliza, na alipotoka aliwaambia walimu wetu kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu wala ukweli. Nilikuwa nimechapwa mara mbili kwa kusema kweli juu ya kibuyu kimoja. Sikulia. Nilikuwa na furaha mbaya, ya mtu aliyepata silaha.

Nyumbani nilimkuta Cucu akichambua katani. Nilisimama mbele yake makusudi, nikamzibia mwanga.

"Kibuyu chako kiko kwa Mwalimu Nyaga. Kizima."

"Toka hapa, mtoto wa Ireri."

"Nenda ukaone. Kama nasema uongo, nichape wewe. Wewe bado hujanichapa."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku aliyorudi kutoka Kianjai. Kesho yake, Jumamosi, alijifunga kanga mbili, akachukua mkongojo wake na kuniambia, "Nitangulie." Tulitembea hadi sokoni, mimi mbele, yeye nyuma, pumzi zake zikinisukuma.

Mwalimu alikuwa akipaka rafu mafuta ya taa. Alisema makumbusho hayajafunguliwa. Cucu alipita kando yake kama anavyopita kando ya nguzo, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya pili, akasimama. Hakukigusa. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akainyooshea ile karatasi mkongojo.

"Soma."

Nikasoma. "Kibuyu cha uji. Mbeere. Msanii hajulikani."

"Msanii ni nani?"

"Ni mtu anayetengeneza vitu vizuri, Cucu."

"Na hajulikani maana yake?"

"Maana yake hakuna anayemjua."

Nimewahi kuona watu wakikasirika. Nimeona mapigano ya walevi na wanawake wakivuana vilemba kisimani. Sijaona hasira kama ile, kwa sababu haikuwa na kelele. Cucu alimgeukia Mwalimu, akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Unakaa wapi wewe?"

"Hapa hapa Ishiara, mama."

"Kutoka hapa hadi kwangu ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa. Ulimuuliza nani, ukaambiwa sijulikani?"

Mwalimu hakuzoea kuulizwa. Alijibu kwa ukali kwamba kila mwanamke mzee wa Mbeere angeweza kuja kudai kibuyu, kwamba yeye anafanya kazi ya kitaalamu, na kwamba kile alipewa kihalali na mwenyewe. Cucu akamuuliza mwenyewe ni yupi. Mwalimu akasema, "Ireri, seremala. Alikileta kwa mikono yake. Alisema nyumba ya mkristo haiwezi kuwa na kitu kilichonywewa pombe ya asali kwenye mahari, na kama sikitaki atakichoma."

Cucu aliweka mkono kwenye rafu. Hakunitazama mimi. "Mtoto," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nenda kamwite baba yako."

Karakana ya Baba ilikuwa upande wa pili wa soko. Nilikimbia. Nilimwambia tu kwamba Cucu yuko kwa Mwalimu Nyaga anamwita, na nikaona mikono yake ikisimama juu ya randa. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, na kwa kuwa ilikuwa siku ya soko na watu walimwona mzee wa kanisa akielekea kwenye nyumba ya mizimu, wakamfuata. Kufikia mlangoni walikuwa kama thelathini.

"Mama, twende nyumbani," Baba alisema kwa upole wake wa kanisani. "Mambo haya tutayaongea nyumbani."

"Uliniambia kimevunjika."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Uliniambia mtoto amekivunja. Ulimchapa nikiona."

"Kilikuwa kitu cha pombe. Nilifanya kwa ajili ya roho yako."

Mwalimu Nyaga aliingilia kati, na nadhani hakuwa na nia mbaya, ila ulimi wake haukujua njia nyingine. "Mama, kama ni kazi yako, nithibitishie. Bila ushahidi siwezi kubadilisha maandishi."

Cucu alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kishike wewe, kwa kuwa sisi wengine tunachapwa tukikishika. Tazama mshono. Kuanzia juu hadi hapa katikati umelalia upande gani?"

Mwalimu alikivuta mwangani. "Upande wa kulia."

"Na kutoka katikati hadi chini?"

Alikigeuza. Akakisogeza karibu zaidi na macho. "Kushoto. Na uzi ni mwingine."

"Kilipasuka nikiwa na mimba. Nilikuwa nakishona nipate cha kuwekea uji nikijifungua. Nikafika hapo katikati, uchungu ukanishika, nikakiweka chini. Nilipokichukua tena, mtoto alikuwa kwenye mkono wa kulia, ananyonya, hataki kulazwa. Nikashona kwa mkono wa kushoto mpaka nikamaliza." Alimnyooshea Baba mkongojo, vilevile alivyoinyooshea karatasi. "Mtoto ni huyo. Na kabla ya pombe yoyote ya mahari, aliyekinywea kwanza ni huyo."

Mwanamke mmoja mlangoni alisonya, na sonyo lile halikumlenga Mwalimu Nyaga. Nilimtazama Baba. Ningependa kuandika kwamba alipiga magoti, au alilia, au hata alifumba macho. Alikung'uta vumbi la mbao kutoka mikononi, akasema, "Nina kazi ya watu," akapita katikati ya umati ule. Hakuomba radhi siku ile wala siku nyingine. Jumapili iliyofuata alisimama mbele akasoma matangazo kama kawaida.

Sote tulidhani Cucu atabeba kibuyu chake arudi nacho. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekinyoosha kumpa. Cucu alikataa. Alisema katika boma lile hakuna ukuta anaouamini tena, basi kikae hapo, lakini ile karatasi iondolewe sasa hivi, akiona. Mwalimu akaandika nyingine. Cucu hakumwamini. Alinifanya niisome mara tatu, na mara ya tatu alifuata herufi za jina kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine. Kisha akanishika bega, na tukatoka. Njiani alisimama kupumzika chini ya ukuta wa kituo cha nafaka. "Mguu unaniuma, jina langu," alisema, kana kwamba mwezi ule haukuwepo. Hiyo ndiyo radhi niliyopata. Niliipokea, ingawa niliona ni ndogo, na bado naona ni ndogo.

Siku chache baadaye Mwalimu Nyaga alikuja kwetu. Hakukaribishwa kuketi. Alisema ana vibuyu vingine kumi na vinne ambavyo karatasi zake zinasema maneno yale yale, na kwamba huenda mama akaijua mikono iliyovishona. Aliyasema hayo kama mtu anayemeza dawa. Cucu alimwacha asimame juani muda wa kutosha, akasema atakuja Alhamisi, na kwamba asimwandalie chai.

Alikwenda Alhamisi hiyo, na Alhamisi nyingi zilizofuata, mimi nikiwa mwandishi wake nikitoka shuleni. Alipitisha kidole kwenye mshono na kutoa hukumu. Huyu alikuwa mvivu, tazama matundu yalivyoachana. Huyu alikuwa na haraka, mumewe alikuwa mkali. Huyu aliiga mshono wa dada yake na hawakusalimiana mpaka wakafa. Alitaja majina, nikaandika, na Mwalimu alibishana naye juu ya kila jina kwa sababu hakujua kukubali. Cucu alipokosa kujua alisema hajui, akataja mwanamke mwingine wa kuulizwa, na hao nao wakaanza kuja, kutoka Ishiara na vijiji vya jirani, wengine wakiwa na vibuyu vyao chini ya kwapa, wengine wakija kugombana tu kwamba mshono wa mama yao umepewa mtu mwingine. Ghala lile lilijaa kelele. Nadhani hapo ndipo lilipokuwa makumbusho. Mwalimu na Cucu hawakupendana hata siku moja. Alipokufa Cucu, Mwalimu alikuja mazishini, akasimama mbali, akaondoka kabla ya chakula.

Leo kila mtu anaipenda ile nyumba. Kanisa lililosema ni ya mizimu huleta watoto wa shule ya Jumapili wakiwa wamevaa sare. Wanasiasa hupigwa picha mlangoni. Wataalamu wa mjini wanaeleza kwamba makumbusho madogo huishi kwa kutafuta jambo moja asilo nalo mwingine, na wanaeleza kana kwamba lilikuwa wazo tamu la mtu mpole. Mwalimu Nyaga alipokufa, wazee wale wale walisimama kwenye mazishi yake wakamsifu, na Baba, aliyezeeka sasa na kupoteza meno, alisema kwamba sisi watu wa Ishiara tumekuwa watunzaji wa sanaa tangu zamani. Watu walipiga makofi. Mama alipiga makofi. Mimi niliweka mikono mifukoni.

Baada ya mazishi familia ya Mwalimu iliniletea ufunguo, kwa kuwa hawakumjua mwingine aliyeweza kusoma mishono. Nafanya kazi ofisini Embu siku tano, na Jumamosi nafungua ghala. Sikuupokea kwa upendo. Niliupokea kwa sababu nilifikiria ni nani mwingine wangempa, na kila jina lililonijia lilinikasirisha. Utoto wangu ulikuwa na watu waliotupa vitu na kusema uongo juu yake. Uzee wao una hotuba kuhusu urithi. Vibuyu vimezidi mia sasa, na popo tuliwafukuza. Mtu akinijia na kibuyu kizuri asichojua kilishonwa na nani, simpokei. Namrudisha kwao akawaulize wazee wangali hai, hata kama ametoka Timau kwa basi la alfajiri. Wengi hurudi na jina. Wengine hukasirika, na juzi mmoja aliniambia usoni, mbele ya wageni, kwamba Mwalimu alikuwa afadhali. Nilimfungulia mlango atoke, nikamwambia nitakuwepo pia Jumamosi ijayo.